Utepe Mwekundu wa Proteksio

Juzi gari la kipaza sauti lilipita hapa mtaani kwetu Kakoba, Mbarara, likitangaza kwamba wenye mbwa wawapeleke kwenye uwanja wa shule wakachanjwe kichaa. Mimi sina mbwa. Nilikuwa nafua, povu mpaka viwiko, na mvua ilikuwa imetoka tu kukatika. Watoto wa jirani wakapita mbio wakimburuta mbwa wao aliyelowa chapachapa, na alipojikung'uta mbele ya mlango wangu ile harufu ikaniingia puani: manyoya, udongo, na kitu fulani kama maziwa yaliyochacha. Nikaketi juu ya ndoo. Mama mwenye nyumba, Munyankole mwenye moyo mzuri na maswali mengi, akaniuliza, "Banange, nini? Iko tumbo?" Nikamwambia sabuni imeniingia machoni.

Sabuni gani! Ilikuwa Tate. Kwa sisi tuliotoka Kivu ya Kusini, tate ni babu au bibi, na huyu wangu alikuwa bibi, mama mzazi wa mama yangu. Tumemzika majuzi. Nasema "tumemzika" kwa mazoea ya mdomo tu. Waliomzika ni wengine, kule Amerika, mimi nilitazama kwenye simu ya rafiki yangu huku mtandao ukikatika kila wimbo ulipokolea. Jeneza linang'aa, watu wamevaa makoti mazito, mchungaji akiomba mvuke unamtoka mdomoni kwa baridi. Nikawa nachungulia pembeni mwa picha, chini miguuni pa watu, nikitafuta kitu, sijui nini, hadi nikajishtukia. Nilikuwa namtafuta mbwa.

Wenzangu mliokulia kambi ya wakimbizi ya Nakivale mtanielewa bila kuulizana sana. Mnaijua ile Kashojwa yetu, nyumba za udongo zenye shitingi, yale maturubai ya plastiki, juu, vumbi la kiangazi linaloingia hadi ndani ya ugali, na mvua ikinyesha shitingi inapiga kelele mpaka watu wanaongea kwa mikono. Mimi nilifika pale nyuma ya wengine. Tate alikuwa ametangulia na mjomba wangu, mwanawe wa kiume pekee aliyebaki, pamoja na Amani, mtoto wa mjomba, ambaye mama yake alifia njiani. Mimi nilikuwa bado ng'ambo ya mpaka na mama yangu. Mama naye alipofariki, mwanamke mmoja mchuuzi wa vitenge akanichukua, akanivusha mpaka, akaulizia kambi nzima jina la Tate mpaka akampata, akanikabidhi, akanywa maji, akaenda zake. Pale mpakani walikuwa wamenichoma sindano begani, ikaacha kovu la mviringo. Lishikeni hilo kovu, nitalirudia.

Mbwa nilimkuta. Tate alikuwa akienda kulima kwenye mashamba ya wenyeji upande wa Rugaaga, na mama mmoja wa huko, mbwa wake alipozaa, akampa mtoto mmoja, yule mdogo kabisa ambaye wenzake walikuwa wanamsukuma asinyonye. Tate akaja naye amemfunga mgongoni kwa kitenge, kama anavyobebwa mtoto wa mtu. Kijiji kizima kilimcheka. Na jina alilompa ndilo lililowamaliza watu mbavu. Kulikuwa na ofisi Base Camp, kwenye makao makuu ya kambi, iliyohusika na ulinzi wetu, ambayo sisi kwa Kifaransa chetu cha kuokoteza tuliiita Proteksio, na foleni yake haikuwahi kumfikisha Tate mlangoni. Siku moja akarudi na jua lake kichwani, akavua sapatu, akamnyooshea kidole yule mbwa. "Basi, mi nimepata Proteksio yangu," akasema. "Hii iko na mukia, na haifungake saa sita." Jina likashika. Ndiyo maana pale kijijini ungesikia mwanamke mzee akiita, "Proteksio! Proteksio, kuya kula!" na wageni wa ofisini wakigeuka kuangalia nani anawaita.

Sijui niwaelezeje jinsi wale wawili walivyokuwa. Tate hakuwa mtu wa kubembeleza. Mimi mjukuu wake alinipenda kwa kunisugua: masikio, shingo, visigino, mpaka ngozi iwake moto. Lakini kwa Proteksio sauti yake ilishuka. Alimsemesha Kifuliiru, lugha ya nyumbani, ambayo sisi watoto alitusemesha kwa nadra kwa sababu, alidai, ingetuletea machozi yasiyo ya umri wetu. Shambani, huku akipalilia, alimsimulia mbwa habari za ng'ombe wa baba yake, za mto, na za watu waliokufa, mmoja mmoja kwa jina lake, na Proteksio ameketi kwenye mpaka wa mahindi akiwachunga tumbili wasikaribie. Tate akinyamaza, mbwa anageuka kumtazama. Tate akikohoa, mbwa anakuja. Jumapili alimsindikiza kanisani, halafu analala juu ya sapatu zake pale nje mpaka ibada iishe, na mzee wa kanisa alishachoka kumfukuza.

Kulikuwa na jambo moja alilomfanyia Tate peke yake. Tate akiwa na huzuni, hata kabla chozi halijatoka, Proteksio alimwekea kidevu juu ya mguu, pale juu ya vidole kabisa, akatulia hivyo. Tate anasema, "Umeona, weye," na mambo yanapungua kidogo. Mimi nilikuwa naona wivu, niseme kweli. Mara nyingi nilikaa kwenye jiwe nimekunja uso, nimelegeza mabega, nikimtega na mimi aniwekee kidevu. Ananinusa, anapiga chafya, anaondoka.

Sasa Amani. Amani alikuwa mdogo wangu kidogo na moyo wake ulikuwa mbovu tangu kuzaliwa. Akikimbia, midomo inakuwa ya bluu na lazima achuchumae. Walimpeleka hospitali Mbarara, wakarudi na jibu kwamba moyo wa namna ile hautengenezwi hapa, utatengenezwa ng'ambo, tena upesi. Basi kesi yao ya kuhamishiwa Amerika ikasogezwa mbele. Wenzangu mnajua neno kesi lilivyokuwa linatamkwa kule, kwa upole, kama jina la mgonjwa. Kesi ya fulani imepita. Kesi ya fulani imelala.

Ninyi nawaambia mapema, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia: kwenye kesi hiyo sikuwemo. Niliongezwa kwenye nyumba, sikuongezwa kwenye kesi. Mjomba alienda kuuliza, akajibiwa kwamba kumwongeza mtoto ni kuanza upya, na daktari alikuwa ameshasema Amani hana muda wa kuanza upya. Mjomba hakuwa na mke. Amani akipasuliwa kifua katika nchi ya watu, nani angekaa naye? Tate. Hakukuwa na mwingine. Wakalia, wakaomba, wakaishia palepale. Nyumba nzima ilijua, kijiji kizima kilijua, isipokuwa mtoto mmoja na mbwa mmoja.

Sisi watoto wa kambi tulikuwa na elimu yetu wenyewe kuhusu kuondoka. Hatukuihitaji ofisi. Tulikuwa tumeona: watu wanapakiwa kwenye gari, wanapelekwa Mbarara kwenye medikali, kupimwa afya, wanarudi wamevimba mkono kwa sindano, na baada ya muda basi linakuja kuwachukua. Asiyechomwa haondoki. Kwa hiyo kwetu ilikuwa wazi kabisa kwamba sindano ndiyo inayovusha watu. Tate, Mjomba na Amani walipokwenda medikali na mimi nikaachwa, sikushtuka hata kidogo. Nilivuta kola ya gauni nikaangalia lile kovu langu la mpakani. Mimi nilishachomwa. Nilikuwa mbele yao! Nikawaonea huruma kwamba wao ndio kwanza wanaanza.

Nilichoshtukia ni kitu kingine. Waliporudi, jirani yetu Mama Neema, mwanamke mnene aliyeuza ndakala, wale dagaa wadogo, na aliyekuwa anacheka kwa mwili mzima, alikuja akakaa na Tate kwenye kivuli cha ukuta. Nilikuwa nachambua maharage karibu yao.

"Proteksio ataikala kwako," Tate akamwambia.

"Ataikala," Mama Neema akasema. "Usiogope. Fasi yangu iko kubwa. Bote bataikala."

Neno hilo "bote", yaani wote, lilinipita sikioni bila kugusa chochote. Mimi nilikuwa nimeganda kwenye "Proteksio." Nikaacha maharage. "Tate, Proteksio haendi?"

Tate hakunitazama. "Mbwa haipandake ndeke," akasema, yaani ndege.

"Kwa nini?"

"Njo vile."

"Lakini atakufa! Tate, atakufa bila weye!"

Mama Neema akainuka ghafla akasema ndakala zake zinaliwa na kuku. Tate akashika mdomo wake kwa mkono, akaniambia nimalize maharage. Proteksio alikuwa tayari amekuja, kidevu kiko mguuni.

Tangu siku hiyo Tate akaanza kunituma nikalale kwa Mama Neema pamoja na mbwa. "Uende naye, azoee," ananiambia. "Akikuona kule, atazoea." Nilijiona mtu wa maana sana. Nilimtandikia Proteksio gunia karibu na mkeka wangu, nikamwonyesha mlango, nikamwonyesha mtungi wa maji, nikamweleza watoto wa Mama Neema ni nani na nani anauma. Mama Neema akawa ananipakulia chakula kwanza kabla ya watoto wake, na mimi nikadhani ni kwa sababu namfundisha mbwa vizuri. Leo nikikumbuka, nacheka kwa uchungu. Nilidhani mimi ndiye ninayemzoesha mbwa.

Halafu gari la kipaza sauti likapita. Liliingia hadi Kashojwa, likitangaza kwa Kinyankole, kisha kwa Kiswahili cha askari: mbwa zote zipelekwe Rwekubo, zidungwe sindano, bure. Nilisimama katikati ya barabara, vumbi linanipita. Sindano! Ya mbwa! Kumbe ilikuwepo. Kumbe Tate alikuwa hajui tu, mtu mzima hajui, na mbwa alikuwa amekosa medikali kwa sababu hakuna aliyempeleka. Sikumwambia mtu. Nilifungua kamba ya kuanikia nguo, nikaifunga shingoni mwa Proteksio, tukaondoka asubuhi ileile.

Ni mwendo, mnajua. Proteksio hakuwahi kufungwa kamba maisha yake yote, na hakuwahi kwenda mbali bila Tate. Kila tukifika kona anakaa chini, anaangalia nyuma. Nambembeleza, namvuta, nambeba hadi mikono inakufa ganzi, namweka chini. Nilimweleza njia nzima. Nilimwambia sindano inauma kidogo tu, kwamba Amani alilia lakini mimi sikulia, kwamba Amerika kuna nyama. Nilimwambia kwa Kifuliiru kile kidogo nilichokuwa nacho, nikiiga sauti ya Tate, na kwa Kifuliiru alisimama akanifuata.

Rwekubo kulikuwa na mbwa wengi sana na kelele nyingi zaidi. Bwana wa mifugo alikuwa kijana mrefu mwenye viatu vya mpira, jasho linamtiririka. Akanitazama, akamtazama mbwa.

"Wewe mutoto, mukubwa yako iko wapi?"

"Iko nyumbani. Ana medikali yake tayari."

Hakuelewa, akaacha. "Shika kichwa yake. Shika nguvu, yeye naweza luma mimi. Jina yake nani?"

"Proteksio."

Akacheka mpaka akainua sindano juu isimchome mwenyewe. "Protekisheni! Banange, hata sisi nataka hiyo!" Akamwambia mwenzake, mwenzake akacheka. Kisha akamchoma, haraka, nyuma ya shingo. Proteksio hakulia. Alitetemeka tu mikononi mwangu, nikasikia moyo wake unavyopiga. Yule kijana akachukua utepe mwekundu, kitambaa chembamba, akamfunga shingoni ili ajulikane kwamba ameshachanjwa.

"Amepita?" nikamuuliza.

"Amepita nini?"

"Medikali."

Akanitazama vizuri sasa, na uso wake ukalainika. Labda alidhani ni mchezo wa watoto. "Eh, amepita," akasema. "Iko sawa kabisa. Peleka yeye nyumbani."

Sina furaha nyingine ya utotoni ya kulinganisha na ile ya njia ya kurudi. Utepe ulikuwa mwekundu kweli, mnauona? Rangi ya kitu kipya. Kila tuliyekutana naye nilimwonyesha. Mvua ikatunyeshea karibu na nyumbani, tukalowa wote wawili, tukaingia uani tunanuka namna moja. Tate alikuwa amesimama mlangoni ameshika fimbo, amenitafuta siku nzima, na Mjomba nyuma yake. Sikungoja nipigwe.

"Tate, Proteksio amepita medikali! Amechomwa! Ona! Sasa sisi wote tunaenda!"

Fimbo ikabaki palepale hewani. Mjomba akageuka akaangalia ukuta. Tate akaanza kucheka, kicheko kidogo kavu, kisha akakaa chini kwenye tope, na kitenge chake kizuri, akajifunika uso. Mabega yakawa yanaruka. Proteksio akaenda na utepe wake akamwekea kidevu mguuni. Mimi nikapiga makofi. Nilidhani anafurahi, kwamba furaha imemzidi.

"Mama, umuambie," Mjomba akasema kwa sauti ya chini. "Muambie leo."

"Kesho," Tate akasema ndani ya kitenge.

Kesho ikaja na haikusema kitu, na nyingine ikaja, na nyingine. Leo namwelewa. Ungeanzia wapi? Ulimi ungeshikia neno gani kwanza? Alinisugua visigino kila jioni, kwa nguvu kuliko kawaida. Aligawa vitu vyake: jembe, kinu, sufuria kubwa. Kila kitu kilienda kwa Mama Neema, na mimi nilivibeba mwenyewe, kimoja kimoja, nikiimba.

Siku ya basi tulikwenda Base Camp na kijiji kizima. Mnajua desturi yetu: wanaoondoka wanasindikizwa kwa nyimbo za kanisa, na wanaobaki ndio wanaoimba kwa nguvu zaidi, kwa sababu wanaoondoka sauti zimekauka. Tate alivaa vazi lake la Pasaka. Mimi nilivaa gauni jipya alilonishonea, kubwa, la kukulia. Proteksio alikuwa na utepe wake, umeanza kupauka. Watu wakawa wanaitwa mmoja mmoja, wanapanda. Mjomba alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, akanibusu kwenye nywele, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akapanda bila kugeuka, amembeba Amani.

Tate akapiga magoti mbele yangu. Akachukua kamba ya mbwa, akaizungusha kwenye mkono wangu, akafunga fundo.

"Mushike," akaniambia. "Mushike muzuri, asitufuate."

"Ndiyo, Tate."

"Usimuachilie ata kidogo."

"Siwezi kumuachilia, Tate."

Alitaka kusema jambo. Mdomo ulifunguka, nikaona ulimi unatafuta. Kisha wakaita jina lake kwa mara ya pili, kwa ukali, akasimama akaenda. Proteksio akamfuata, kamba ikakaza, nikaweka miguu chini nikavuta. Nilikuwa na hesabu yangu: mizigo huwa inaingia mwisho, na anayeshika mzigo anaingia nao. Kwa hiyo nikasimama, nimejiandaa, gauni langu nimelinyoosha, nikingoja tuitwe. Amani alinipungia kwenye kioo. Nikampungia.

Mlango ukafungwa.

Hapo nikaelewa, kwa akili ile niliyokuwa nayo, kwamba Proteksio amekataliwa. Kwamba medikali ya Rwekubo haikutosha. Basi likaanza kunguruma na mimi bado niko chini na mbwa amefungwa mkononi mwangu, fundo la Tate halifunguki, nalivuta kwa meno, na sioni nimkabidhi nani. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Tate! Mbwa nimuachie nani? Tate! Mbwa nimuachie nani?"

Watu wakaacha kuimba. Basi likasogea. Nikaanza kukimbia, Proteksio mbele ananivuta, na mikono minene ikanikamata kwa nyuma, ikanifunga kifuani. Ilikuwa ya Mama Neema. Mimi nimemshika mbwa, Mama Neema amenishika mimi, na mbwa anavuta kuelekea barabarani mpaka anakoroma. "Mutoto wangu," Mama Neema alikuwa anasema sikioni mwangu, nyuzi za pindo la kitenge chake zinanichoma shavu, "mutoto wangu, mumebakia. Mumebakia na mimi." Niliona mkono wa Tate kwenye kioo cha nyuma, umefunguliwa, haupungi. Kisha vumbi.

Sitawachosha na siku zilizofuata. Sikuongea. Proteksio hakula. Alikwenda kukaa kwenye nyumba yetu ya zamani, ambako waliingia Warundi wema waliomwachia nafasi mlangoni, na kila asubuhi alikwenda Base Camp mpaka pale basi liliposimama, ananusa ardhi, anarudi. Mimi nilimfuata nyuma kwa mbali. Nilikuwa nimekasirika naye. Nilifikiri kwamba kama angekuwa mtu tungepita wote, kwamba mimi nimebaki kwa sababu yake, kwamba Tate aliniacha ili mbwa apate mtu. Niliamini hivyo muda mrefu. Mtoto akikosa mtu wa kumweleza, anajieleza mwenyewe, na anajieleza vibaya.

Utepe ulikuwa umeshakuwa mweupe Mama Neema aliponiita mbio mchana mmoja. Mtu wa duka la karibu alikuwa amekuja na simu. Ni Tate, yuko Amerika, anasubiri. Tukakusanyika uani. Mama Neema akasalimia, akalia, akasikia kwamba Amani amepasuliwa na anapumua vizuri, akamshukuru Mungu. Akaninyooshea simu. Nikaweka mikono nyuma. Niliitaka sauti ile kuliko chakula, lakini mikono iligoma.

"Anakataa," Mama Neema akasema kwenye simu.

Kisha Tate akauliza, "Proteksio iko fasi hiyo?"

Alikuwepo, amelala kwenye jivu la moto wa jana. Mwenye simu akabonyeza sauti itoke nje, akaiweka chini juu ya gunia, na Tate akaanza kuzungumza. Kwa Kifuliiru. Siwezi kuwapa maneno yenyewe, nayatia kwa Kiswahili kama nilivyoyasikia. Alimwambia mbwa: Sikukuacha kwa kupenda. Walinipa wawili wa kuchagua, mmoja anakufa, mmoja yuko mzima, nikachagua anayekufa. Nilishindwa kukuambia. Kila siku nilisema kesho. Nilikufunga kamba kwa sababu ungenifuata, na ungenifuata ningeshuka. Kula, mwanangu. Ukae vizuri na mama huyo, umtii. Nisamehe.

Proteksio alikuwa ameinuka kwenye neno la kwanza. Alizunguka gunia. Alitazama nyuma ya nyumba, akachungulia chooni, akarudi. Nilikuwa nimesimama pale nimekasirika: mbwa! Anamwomba mbwa msamaha! Mimi je? Hivyo ndivyo nilivyosikia, wenzangu, na ndivyo nilivyobaki nimesikia hadi nikawa mtu mzima.

Kisha sauti ya Tate ikabadilika, ikawa ndogo, na ikaanza kuita jina langu. Silabi ya kwanza niliisikia. Na palepale Proteksio akajilaza chini, akaweka kidevu chake juu ya simu, pale sauti ilipotokea, kama alivyokuwa akiweka juu ya mguu wa Tate, akafumba macho.

Yaliyobaki aliyasikia yeye. Yalikuwa marefu. Mimi niliyasikia kama mngurumo tu chini ya manyoya, na watu wote wakawa wananitazama, Mama Neema ananiashiria kwa macho nimwondoe mbwa nisikilize. Nilipiga magoti. Nikanyoosha mkono mpaka ukagusa ule utepe. Tate alipiga simu mara nyingine nyingi miaka iliyofuata, akaniuliza shule, akaniuliza malaria, na jambo lile hatukuligusa tena, si yeye si mimi, na sasa amekufa. Lakini siku ile nilikuwa nimepiga magoti pale, karibu kabisa, na mbwa alikuwa ametulia kwa mara ya kwanza tangu basi liondoke. Sikuweza kumwondoa.